Shelisheli: Chama kilichoponyokwa na ufunguo wa ghala, kikarudi kwa kura

OKTOBA 2025 wananchi wa Shelisheli walirudi vituoni kupiga kura ya duru ya pili ya urais. Matokeo yalipotangazwa, Dakta Patrick Herminie wa chama cha United Seychelles alikuwa amemshinda Rais aliyekuwa madarakani, Wavel Ramkalawan, kwa asilimia 52.7 dhidi ya 47.3. Kwa msomaji aliye mbali hiyo ni habari ya mistari mitano: visiwa vidogo, rais mpya, basi. Lakini anayeijua historia ya chama hicho hawezi kupita haraka hivyo. United Seychelles ni jina la nne la chama kilekile kilichotwaa nchi kwa bunduki mwaka 1977, kikatawala miaka 43 bila kukatika, kikashindwa mwaka 2020, kikakaa pembeni miaka mitano, kisha kikarudi kwa karatasi ya kura.

Nimekuwa nikifuatilia habari za visiwa hivyo kwa muda mrefu, na swali ninalojiuliza kila mara ni moja. Chama kinawezaje kukaa madarakani muda wote huo katika nchi ambayo watu wake hawajazi hata mkoa mmoja wa kwetu? Wengi hujibu upesi: bunduki. Bunduki ilikuwepo, sikatai, na tutaifikia. Lakini bunduki humshika mtu kwa siku. Kinachomshika kwa miaka ni mchele, sukari, nyumba na kazi. Hoja yangu ni kwamba nguvu ya chama kile ilikaa ghalani kuliko kambini, na wanaopaswa kulielewa jambo hilo kwanza ni wafanyabiashara na sisi tuliowahi kuishi nje ya nchi zetu.

Wanatuhusu nini?

Msomaji wa Kobero au Kabanga anaweza kuniuliza: ndugu, sisi mpaka wetu ni mto na mlima, hao wa katikati ya bahari wamekuwa majirani zetu tangu lini? Ni kweli Mahé, kisiwa kikubwa cha Shelisheli, kiko zaidi ya kilomita 1,700 mashariki ya Mombasa. Lakini ujirani haupimwi kwa kilomita tu.

Kwanza, ni ujirani wa damu. Katika miaka ya 1860 na mwanzoni mwa miaka ya 1870, manowari za Waingereza zilikamata majahazi ya watumwa waliotoka pwani yetu na kuwashusha Mahé zaidi ya watu elfu mbili. Wajukuu wa watu hao ndio wapiga kura wa leo. Pili, ni ujirani wa uhamisho. Kabaka Mwanga wa Buganda na Omukama Kabalega wa Bunyoro walikamatwa mwaka 1899 na kupelekwa huko. Mwanga alifia Shelisheli mwaka 1903. Kabalega aliruhusiwa kurudi mwaka 1923, akafia Jinja kabla hajafika kwao. Sayyid Khalid bin Barghash, aliyekalia kiti cha usultani Zanzibar kwa siku chache mwaka 1896, naye alipitishwa huko huko. Kwa hiyo watawala wa kikoloni walivifanya visiwa hivyo kuwa mahali pa kumtupa mtu asiyetakiwa kwao.

Tatu, ni ujirani wa siasa. Mkono wa Tanzania ulikuwemo katika mambo ya Shelisheli kuliko vijana wa leo wanavyodhani. Nne, hata lugha imeliweka jina hilo mezani kwetu: tunda la mshelisheli tunalolichoma au kulipika kwa nazi limebeba jina la visiwa hivyo. Wenyeji wa huko husema mgeni akishakula shelisheli lao, lazima atarudi. Msemo huo utakuwa na maana yake mbele ya safari.

Wanasheria wawili

Mwaka 1964, Shelisheli ikiwa bado koloni la Uingereza, wanasheria wawili vijana walianzisha vyama viwili. James Mancham alianzisha SDP, chama kilichotaka visiwa vibaki karibu na Uingereza. France-Albert René alianzisha SPUP, yaani Chama cha Umoja wa Watu wa Shelisheli, kilichotaka uhuru na kusema kwa jina la vibarua wa mashamba ya minazi na mdalasini. Ardhi nzuri wakati huo ilikuwa mikononi mwa familia chache zenye asili ya Ufaransa, na kibarua aliishi kwa ridhaa ya mwenye shamba. Mtu asiyeelewa hapo hataelewa kwa nini chama cha René kilipendwa. Kilipendwa kwa haki, na wengi wanakipenda hadi leo.

Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, iliyokuwa na makao yake Dar es Salaam, ikakitambua SPUP kama chama cha ukombozi. Mancham, kwa upande wake, aliona uwanja wa ndege ulioanza kutumika mwaka 1971 ukileta watalii, akaamini neema itapita huko.

Katika uchaguzi wa mwaka 1974, SDP ilipata asilimia 52.4 ya kura na SPUP asilimia 47.6. Hesabu hiyo ni ya watu waliokaribiana sana. Lakini kwa mfumo wa majimbo, SDP ilichukua viti 13 kati ya 15 na SPUP ikaambulia viwili. Nawaomba wasomaji waikumbuke hesabu hiyo. Karibu nusu ya nchi ilijiona imefungiwa mlango, na anayefungiwa mlango hutafuta dirisha. Vyama hivyo viwili vilipewa serikali ya mseto, na uhuru ukaja Juni 29, 1976. Mancham akawa Rais, René Waziri Mkuu.

Usiku wa Juni 1977

Ndoa hiyo haikufika mwaka. Usiku wa kuamkia Juni 5, 1977, Mancham akiwa London kwa mkutano wa Jumuiya ya Madola, watu wapatao 60 waliopata mafunzo Tanzania walivamia kituo cha polisi na ghala la silaha mjini Victoria. Kulipokucha nchi ilikuwa na rais mwingine. René alisema hakuujua mpango huo kabla, ila aliombwa kuongoza. Kila mmoja ana jibu lake kuhusu maneno hayo.

Mwaka huo huo, mwezi Februari, TANU na Afro-Shirazi zilikuwa zimeungana na kuzaa CCM. Hewa ya wakati ilikuwa ni chama kushika hatamu. Mwaka 1978 SPUP ikabadili jina na kuwa SPPF, na mwaka 1979 katiba mpya ikakifanya chama hicho kuwa pekee. René akasimama peke yake katika uchaguzi wa mwaka huo, na tena wa 1984 na wa 1989. Kila wilaya ilikuwa na tawi la chama, na tawi ndilo lililokuwa mlango wa serikali.

Maadui hawakukosekana. Novemba 25, 1981, kundi la mamluki lilishuka uwanja wa ndege wa Mahé likijifanya klabu ya wanywaji bia waliokuja kupumzika. Ofisa wa forodha akaikuta bunduki ndani ya begi moja, na mapigano yakaanza hapo hapo. Mamluki wakateka ndege ya Air India iliyokuwa imetua, wakakimbilia Durban. Kiongozi wao alikuwa Mike Hoare. Wazee wa Baraka na Fizi hawahitaji kuelezwa ni nani: ni yule yule aliyeongoza mamluki dhidi ya Wasimba katika Kongo miaka ya 1964 na 1965. Mwaka uliofuata, Agosti 1982, sehemu ya jeshi la Shelisheli iliasi na kukishika kituo cha redio, na askari wa Tanzania waliokuwepo visiwani walisaidia kuuzima uasi huo.

Kwa hiyo bunduki ilikuwepo. Wapinzani waliwekwa kizuizini, wengine walitakiwa kuondoka nchini, wengine waliondoka wenyewe kabla ya kuambiwa. Walienda Uingereza, Australia, Kenya na kwingineko. Gérard Hoarau, aliyeongoza upinzani kutoka uhamishoni, aliuawa kwa risasi mlangoni kwake London Novemba 29, 1985. Hadi leo hakuna aliyetiwa hatiani kwa mauaji hayo.

Ghala la chama

Sasa tuje kwenye kiini. Mtu aliyebaki visiwani, asiye na ugomvi na mtu, aliishi vipi na chama hicho? Aliishi nacho vizuri kiasi. Watoto walisoma bure. Hospitali ilikuwa bure. Serikali ilijenga nyumba na kuzigawa kwa masharti ambayo kibarua wa zamani asingeyaota. Krioli, lugha ya jikoni na shambani, ilipewa heshima ya lugha rasmi mwaka 1981 pamoja na Kiingereza na Kifaransa, na mtoto akaanza shule kwa lugha ya mama yake. Hayo ni mema, na mwandishi anayeyaficha anadanganya.

Lakini kila jema lilikuwa na mlango, na mlango ulikuwa na mwenye ufunguo. Mwaka 1981 vijana walianza kupelekwa kwenye kambi za Huduma ya Taifa ya Vijana, mbali na wazazi, kwa miaka miwili. Mpango huo ulikuwa umepingwa na wanafunzi mitaani tangu mwaka 1979, na kambi hizo zilifutwa tu mwishoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 1984 ikaundwa Bodi ya Masoko ya Shelisheli, iliyojulikana kwa herufi SMB. Bodi hiyo ndiyo iliyoagiza bidhaa muhimu kutoka nje, ndiyo iliyozihifadhi, ndiyo iliyoziuza kwa jumla, na ilikuwa na maduka yake ya rejareja. Visiwa hivyo havilimi mchele. Karibu kila kinacholiwa kinakuja kwa meli. Anayeishika bandari na ghala anakishika chungu cha kila nyumba.

Mimi nilikulia Kigoma, na wenzangu tuliorudi kutoka Tanzania wataikumbuka miaka ya mwanzo ya themanini. Sukari, sabuni na kanga vilipatikana katika duka la kaya, na jina lako liliandikwa na balozi wa nyumba kumi, ambaye alikuwa mtu wa chama. Mama zetu hawakumwogopa balozi kwa sababu ana bunduki, hakuwa nayo. Walimheshimu kwa sababu ana daftari. Tanzania iliachana na utaratibu huo kadiri biashara ilivyofunguliwa katika miaka ya themanini. Shelisheli iliendelea na SMB kwa zaidi ya miaka ishirini, hata baada ya vyama vingi kurudi.

Wafanyabiashara wa mpakani wataelewa upesi lililofuata. Serikali ilishikilia bei ya rupia kwa nguvu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 dola moja ilikuwa karibu rupia tano na nusu kwa bei ya benki, na mtaani ilikuwa juu zaidi. Dola za benki hazikutosha. Mwenye duka binafsi aliyetaka kuagiza vipuri au nguo alijaza fomu na kusubiri, huku mahitaji ya serikali na bodi yake yakitangulia. Watalii walilazimishwa kisheria kulipa hoteli kwa fedha za kigeni ili dola zisipite pembeni. Anayewahi kukosa dola dirishani na kuziona zimejaa kona ya soko anajua hali hiyo bila kufundishwa. Anajua pia kwamba palipo na bei mbili za fedha, anayepata ile ya chini si aliye hodari zaidi wa biashara, bali aliye karibu zaidi na mwenye daftari.

Ndiyo maana nasema mfanyabiashara wa Shelisheli alikuwa mtu mwenye adabu nyingi mbele ya chama. Leseni, dola, kontena bandarini, vyote vilipita kwenye mikono ambayo hakutaka kuiudhi. Malalamiko kwamba nyumba na kazi humwendea kwanza mtu wa chama yalikuwa wimbo wa upinzani katika kila kampeni. Mkono mtupu haulambwi, wahenga walisema. Mkono ule haukuwa mtupu.

Vyama vingi, mshindi yule yule

Desemba 1991 René alitangaza kurudi kwa mfumo wa vyama vingi. Ukuta wa Berlin ulikuwa umeanguka, na wafadhili walikuwa wameanza kuuliza maswali. Aprili 1992 Mancham akarudi nyumbani baada ya karibu miaka 15. Rasimu ya kwanza ya katiba ilikataliwa katika kura ya maoni mwaka huo, kwa sababu haikufikia asilimia 60 iliyotakiwa. Ya pili ilipitishwa Juni 1993.

Hapo wengi walitegemea chama cha mapinduzi kitaanguka. Hakikuanguka. René alishinda mwaka 1993 kwa karibu asilimia 60, akashinda mwaka 1998 na mwaka 2001. Mwaka 2004 alimwachia kiti makamu wake, James Michel, ambaye naye alishinda mwaka 2006. Bunduki ilikuwa imerudi ghalani, magazeti ya upinzani yalikuwepo, waangalizi walikuja. Bado kura zilienda kulekule. Hapo ndipo mtu anaona wazi kwamba kilichokuwa kinawashika wapiga kura hakikuwa kambi ya jeshi peke yake.

Si kwamba mkono wa dola ulilegea kabisa. Oktoba 2006, kiongozi wa upinzani Wavel Ramkalawan, padri wa Kanisa la Anglikana, alijeruhiwa polisi walipowatawanya watu waliokuwa wakipinga sheria ya kuvizuia vyama vya siasa kumiliki redio. Habari nazo ni bidhaa, na ghala lake lilikuwa na mlinzi.

Mwaka 2008 ufunguo ulipoponyoka

Kilichofanya kazi ambayo mamluki walishindwa kuifanya ni deni. Ili kulinda rupia ya bei ya juu na kugharimia kila kitu cha bure, serikali ilikopa nje. Mafuta na chakula vilipopanda bei duniani mwaka 2008, hazina ilikauka. Oktoba mwaka huo Shelisheli ikashindwa kulipa riba ya hatifungani zenye thamani ya dola milioni 230. Ikaenda kwa Shirika la Fedha la Kimataifa, na masharti yakawa yale tunayoyajua sote. Novemba 1, 2008, rupia ikaachiwa itafute bei yake sokoni na ikapoteza karibu nusu ya thamani. Wafanyakazi wa serikali wakapunguzwa, ruzuku zikakatwa. SMB ikavunjwa, na mahali pake ikaja kampuni ya biashara ya serikali isiyokuwa na ukiritimba wa zamani.

Wananchi waliumia. Bei zilipanda ghafla, na mishahara ilibaki ilipokuwa. Lakini baada ya miezi kadhaa mwenye duka aliweza kwenda benki na kununua dola bila kubembeleza mtu. Aliweza kuagiza kontena lake kutoka Dubai au Mumbai bila kupitia bodi. Jambo la kushangaza ni kwamba waliolifanya hilo ni chama chenyewe, kwa kubanwa na deni. Walifungua mlango kwa mikono yao, na ufunguo ukabaki hauna kazi.

Kuna atakayenipinga: mbona Michel alishinda tena mwaka 2011, miaka mitatu baadaye? Ni kweli, alishinda kwa asilimia 55, na upinzani mkuu ukasusia uchaguzi wa bunge. Mimi naona hivi: mazoea hayafi siku moja na sheria iliyoyazaa. Mtu aliyekaa miaka 24 akimwona mwenye daftari kama mlezi wake haamki kesho akamwona kama mgombea tu. Lakini kijana aliyeanza kazi mwaka 2009 katika hoteli ya mtu binafsi, au aliyefungua duka lake kwa dola alizonunua mwenyewe, hakuwa na deni la shukrani kwa tawi la chama. Vijana wa namna hiyo waliongezeka kila mwaka.

Desemba 2015, katika duru ya pili, Michel alimshinda Ramkalawan kwa kura 193 tu, nchi nzima. Septemba 2016 upinzani ulioungana chini ya jina la LDS ukachukua viti 19 kati ya 33 vya bunge. Michel akajiuzulu mwezi uliofuata na kumwachia makamu wake, Danny Faure. Chama kilichokuwa kimejiita Parti Lepep tangu mwaka 2009 kikabadili tena jina mwaka 2018 na kuwa United Seychelles. Oktoba 2020 Ramkalawan, akiwa ameshindwa mara tano, alishinda kwa asilimia 54.9. Faure alikubali matokeo, na hapakuwa na risasi. Asiyekubali kushindwa si mshindani, na siku ile chama kilichoingia kwa bunduki kilitoka kama mshindani.

Waliorudi walikuta nini

Hapa nazungumza na wenzangu tuliorudi. Wengi wetu tunajua maana ya kufika kwenye shamba la baba na kukuta mtu mwingine amelima, ana watoto, ana karatasi, naye hakukuibia wewe binafsi. Shelisheli ililikabili jambo hilo kwa njia inayofaa kuangaliwa.

Serikali ya René ilikuwa imetwaa ardhi kwa sheria ya mwaka 1977. Katiba ya mwaka 1993 iliweka kifungu maalumu kilichowapa wenye ardhi iliyotwaliwa muda wa kupeleka madai yao. Kama ardhi haikuwa imetumiwa wala haikuwa na mpango wa maendeleo, ingeweza kurudishwa. Kama tayari ina nyumba za watu au mradi, mdai alilipwa fidia. Nia ilikuwa kumtendea haki aliyenyang'anywa bila kumnyang'anya aliyekwisha kujenga. Haikumaliza malalamiko. Wapo waliosubiri miaka mingi, na wapo waliobisha thamani waliyopewa. Lakini suala la ardhi liliwekwa ndani ya katiba, halikuachwa kwa hisani ya ofisa mmoja.

Majeraha mengine yalisubiri zaidi. Tume ya Ukweli, Maridhiano na Umoja wa Kitaifa iliundwa kwa sheria ya mwaka 2018, chama kile kile kikiwa bado na rais Ikulu lakini upinzani ukiwa na bunge. Ilianza kazi mwaka 2019 na kukabidhi ripoti mwaka 2023, baada ya kusikiliza mamia ya malalamiko kuhusu mapinduzi na miaka iliyofuata. Watu walisimama na kueleza kuhusu waliopotea na waliofukuzwa, na mambo hayo yakasikika hewani katika nchi ambayo kila mtu anamjua kila mtu. Mancham, aliyefariki Januari 2017, hakuiona. René, aliyefariki Februari 2019, hakuhojiwa.

Ghala nalo lilipata siku yake. Novemba 2021 watu kadhaa walikamatwa na kesi ikafunguliwa kuhusu dola milioni 50 ambazo Umoja wa Falme za Kiarabu ulitoa mwaka 2002 ili nchi inunue chakula na bidhaa muhimu. Mashtaka si hukumu, na sitaki kuhukumu gazetini. Ninachotaka msomaji akione ni fedha zilizobishaniwa: hazikuwa za risasi, zilikuwa za chakula.

Kwa nini wamerudi

Basi chama hicho kimerudije? Ramkalawan alipokea nchi katikati ya korona, ndege zimesimama na hoteli tupu. Uchumi uliinuka tena, lakini heroini iliendelea kuharibu vijana, na mwaka 2025 mkataba wa kukodisha sehemu ya kisiwa cha Assomption kwa kampuni ya Qatar uliamsha hasira. Watu walikumbuka kwamba ardhi ni kidogo.

Herminie, daktari aliyewahi kuwa Spika wa Bunge, alipita njia ya ajabu. Mwaka 2023, akiwa kiongozi wa upinzani, alikamatwa na kushtakiwa kwa uchawi, katika kesi iliyoanza baada ya Mtanzania mmoja kukamatwa uwanja wa ndege na vitu vilivyotiliwa shaka. Mashtaka yalifutwa mwaka 2024. Kama kesi hiyo ililenga kumshusha, haikumshusha. Chama kilichozoea kukamata kilipata kiongozi aliyekamatwa, na wananchi wakampima kwa jicho jingine.

Naamini kuna sababu kubwa zaidi. Miaka mitano nje ya ofisi ilikilazimisha chama kutembea mlango kwa mlango mikono mitupu. Hakikuwa na leseni ya kutoa wala nyumba ya kuahidi kesho asubuhi. Kilibaki na kumbukumbu ya shule, hospitali na lugha ya Krioli, na hiyo ilitosha kuwarudisha wengi. Ramkalawan naye alimpongeza mshindi na kuondoka. Katika miaka mitano, pande zote mbili zimeshindwa na zote zimekubali. Nchi nyingi kubwa za bara letu hazijafika hapo.

Mimi sitabiri Herminie atatawala vipi. Nitaangalia mambo machache ambayo mfanyabiashara yeyote anaweza kuyaangalia bila kusoma siasa: kama dola itaendelea kupatikana benki kwa bei moja, kama kampuni ya biashara ya serikali itabaki duka kati ya maduka, na kama anayeomba nyumba ya serikali ataulizwa kipato chake au kadi yake. Majibu ya maswali hayo yatajulikana sokoni Victoria mapema kuliko yatakavyojulikana bungeni. Na wewe unayevuka mpaka na mzigo wako kila wiki, hapa kwetu au kwa jirani yeyote, huhitaji kusubiri gazeti. Tazama ni nani mwenye daftari la bidhaa, na utajua nani anatawala.